Kufolo si swichi ya taa

Juzi kijana mmoja wa hapa Arusha kaniletea kodi ya programu yake niikague, nikakuta kile kile ninachokikuta kila mara: njia moja ya kupokea maombi kwenye seva, jina lake "geuza". Kama unamfolo mtu inakutoa, kama humfolo inakuingiza. "Kaka, si ni kama swichi ya taa tu?" Hapana. Nimelirudia hili mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Jedwali la kuhifadhi nani anamfolo nani halina mjadala. Safu mbili, mfuasi na mfuatwa, jozi yao isijirudie, na mtu asijifolo mwenyewe. Faharasa ya pili (index, ya kutafutia haraka) iwekwe kwenye mfuatwa, la sivyo kutafuta wafuasi wake kutakuwa kwa kujikongoja. Basi.

Turudi kwenye swichi. Mteja yuko kwenye daladala ya Ngaramtoni, mtandao unasuasua. Anabonyeza "Folo" kwa muuza parachichi wa Soko la Kilombero. Ombi linafika, seva inaandika, jibu linapotea njiani. Programu haijui kilichotokea, inatuma tena. Ombi la pili linakuta mstari upo, linaufuta! Kwenye kioo anasoma "Unamfolo", hifadhidata inasema humfolo. Muuzaji kapoteza mteja, na kwenye logi, kumbukumbu za seva, hakuna kosa hata moja. Utalitafuta wapi?

Mteja hakusema "geuza". Alisema "nataka kumfolo". Basi seva ipewe neno hilo hilo: PUT ("weka") kwa kufolo, DELETE ("futa") kwa kuanfolo. Kwa kanuni za HTTP, utaratibu ambao programu na seva huzungumza, ukizirudia hizo mara kumi, seva inabaki vile ilivyokuwa baada ya mara ya kwanza.

Na usiniambie utaangalia kwanza kama mstari upo. Maombi mawili yakiingia kwa pamoja, yote yanaangalia, yote hayaukuti, yote yanaandika. Anayezuia ni lile sharti la jozi isijirudie, ndani ya hifadhidata. Hifadhidata ya PostgreSQL ina ON CONFLICT DO NOTHING (jozi ikiwepo tayari, usifanye kitu) tangu toleo la 9.5, mwaka 2016. Itumie.

Panaponisumbua bado ni kufuta. Mimi naufuta mstari kabisa, kwa sababu aliyeondoka ameondoka. Lakini mtu akifolo na kuanfolo mara ishirini, muuzaji anapigiwa kengele mara ishirini. Kwa sasa kumbukumbu ya arifa naiweka jedwali la pembeni, arifa moja kwa siku kwa kila jozi. Inafanya kazi, ila moyo wangu haujatulia nayo.