"Halina gesi" maana yake nini

Tangu Chongoleani iwe mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443, maneno ya matangi yamehamia vijiweni hapa Tanga. Sina ugomvi nayo, isipokuwa hili moja. Kwenye gereji za Ngamiani mteja analeta tangi la lori la petroli lichomelewe, fundi anasita, anajibiwa: "Hilo halina gesi bwana, lina wiki liko wazi juani." Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa kijana anayetafuta kazi ya kusafisha matangi makubwa.

Tangi lisilo na gesi ni lile ambalo hewa yake ya ndani imepimwa, ikakutwa na oksijeni karibu na asilimia 20.9 ya kawaida, na mvuke wa mafuta usiofika hata sehemu ya kumi ya kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuwaka. Kwa mafuta ghafi hupimwa pia haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Basi. Lililomwagwa mafuta tu ni tangi tupu.

Na tupu ndilo la kuogopwa. Kinachowaka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, mvuke ukiwa takriban kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya mchanganyiko huo. Tangi likijaa, hewa ni kidogo. Ukilimwaga, mara nyingi mvuke unaobaki huwa mwingi mno kuwaka. Sasa fungua mfuniko, washa feni: hewa inaingia, mvuke unapungua, na katika kupungua lazima upite katikati ya kiwango kile kile cha mlipuko. Yaani saa ambayo watu wanasema "linapumua sasa" ndiyo saa ya kuweka mbali sigara, simu, na bomba lolote la mpira lisilofungwa waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini.

Jua nalo halisaidii kama inavyodhaniwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini, haupandi kirahisi hadi mlangoni. Sakafuni kuna mashapo, tope zito jeusi lililonasa na magamba ya kutu. Likipata joto, au likichotwa kwa koleo, linaachia mvuke mpya. Tangi lililopimwa saa mbili asubuhi likawa sawa, saa sita watu wakiwa wanachota ni tangi jingine.

Wa dizeli ndio wananiudhi zaidi. Eti la dizeli unachomelea tu. Kweli dizeli haitoi mvuke mwingi kwa joto la kawaida, lakini moto wa kuchomelea ukipiga bati kwa nje unayapasha mabaki ya upande wa pili mpaka yatoe. Na nani aliapa kwamba safari iliyopita halikubeba petroli?

Kuna na wenye kuamini pua. Haidrojeni salfaidi hunuka mayai viza ikiwa kidogo. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huua uwezo wa kunusa, ukadhani imekwisha. Upungufu wa oksijeni hauna harufu kabisa, na kutu la tangi lililofungwa miezi kadhaa huila oksijeni kimya kimya. Aliyeanguka ndani mara nyingi humvuta na anayemkimbilia bila vifaa.

Hata kipima gesi kina adabu zake. Oksijeni husomwa kwanza, kwa sababu vipima vingi huuchoma mvuke ili viuhesabu, na pasipo hewa ya kutosha husoma kidogo palipo na mwingi. Kisha mpira wake wa kuvutia hewa hushushwa juu, katikati, mpaka chini kwenye mashapo, si kuuchungulisha mlangoni na kuandika sifuri.

Kwa hiyo, mafundi wangu, likiwa limemwagwa semeni limemwagwa, na hakuna atakayewacheka. "Halina gesi" mwachieni aliyeshika kipimo, na yeye ataje na saa aliyopima.