Kabla hujaniambia nikupigie windo upya

Wateja wengi hapa Makoroboi, Mwanza, wakileta laptop neno la kwanza ni "fundi nipigie windo (yaani nifutie Windows uiweke upya), imekuwa nzito". Napiga, hela naipata, ila mara nyingi windo yenyewe haina kosa.

Iwe Windows, Linux au hata Android ya simu yako (ambayo ndani ina kiini cha Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991), kazi ya mfumo endeshi ni kugawa. Programu haijichukulii prosesa wala diski, inaomba, mfumo ndo unaamua nani apate na lini. Unasikiliza muziki huku Excel iko wazi unaona vyote vinaenda, kumbe prosesa inaruka toka kwa huyu kwenda kwa yule kila baada ya milisekunde chache, jicho halioni. Hapo huwa hapasumbui sana.

Balaa liko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya vitu vinavyotumika sasa hivi. Muuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba ana meza na ana stoo, meza ikijaa inabidi arudishe mafungu mengine stoo ndo apange mapya, mteja akiulizia yale ya mwanzo safari inaanza tena. Meza ndo RAM, stoo ndo diski. Kwenye Windows mizigo inayotolewa mezani inaenda kwenye faili linaitwa pagefile.sys, sasa una GB 4, Chrome umejaza matabu kibao, mfumo unashinda unahamisha tu, na diski ya kuzunguka kwenye kuokota vipande vidogo vidogo inazidiwa na RAM mara maelfu.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ifunguke Task Manager, uone mwenyewe. Memory imekaribia kujaa, disk 100%, mausi inastaki. Watu wanasema kirusi, kirusi gani jamani! Nikipiga windo itakuwa nyepesi siku mbili tatu, ukirudisha matabu yako tunarudi palepale. Weka SSD (diski isiyozunguka, ya kasi) kwanza, RAM ifike GB 8.

Na wale wa Windows 11 kwenye mashine za zamani: najua msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifungwa 14 Oktoba 2025, ila 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na RAM ya GB 4 ndo kiwango cha chini kabisa, yani itawaka, kufanya kazi ni habari nyingine. Mtu wa steshenari anayechapa barua tu mi namwekea Linux Mint ya Xfce (toleo jepesi) na LibreOffice ya kuandikia, haidai leseni, na mafaili yake ya Word yanafunguka.