Mboji isiyoiva na njano ya spinachi

Kuna swali ninaloulizwa kuliko yote: "Nimeweka mboji ya kutosha, mbona spinachi yangu ina rangi ya njano?" Na mimi hujibu kwa kuuliza: mboji hiyo ilikaa kwenye biwi muda gani? Nikiambiwa wiki tatu au mwezi, sihitaji tena kwenda kuliona tuta.

Nalijua kosa hilo kwa sababu niliwahi kulifanya. Nilichanganya maganda ya mboga na maranda mengi ya mbao, biwi likapata moto, likapoa, likawa jeusi. Nikaona limeiva. Nikatandaza mboji, nikapanda saladi. Siku ya kumi hivi majani ya chini yakaanza kupauka, na miche ikadumaa kana kwamba imekatazwa kukua. Nikaongeza mboji ileile. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Bakteria wanaoozesha taka hutumia kaboni kupata nguvu, na naitrojeni kujenga miili yao. Ukiwapa maranda au majani makavu ambayo hayajaoza, kazi huendelea hata ndani ya tuta, na naitrojeni inayowapungukia wanaitoa kwenye udongo. Mizizi haiwezi kushindana nao, maana wao ni wengi mno na wametapakaa kila mahali. Mmea ukikosa, hunyang'anya majani yake ya zamani naitrojeni ili kuyalisha machanga. Ndiyo maana njano huanzia chini kupanda juu.

Nyanya inaweza kuvumilia hilo, kwa kuwa hukaa shambani miezi kadhaa, na bakteria wakishamaliza chakula chao hufa na kuirudisha naitrojeni. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne hivi. Deni likija kulipwa, mchicha umeshang'olewa. Kwa mboga za majani, basi, kuiva kwa mboji kuna uzito kuliko wingi wake.

Mwanzo mzuri wa biwi ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Huwezi kulipima hilo kwa macho, kwa hiyo mimi huweka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kwa kila ndoo ya taka mbichi za jikoni. Maranda nayaogopa siku hizi: kaboni yake huweza kupita mara 300 ya naitrojeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu hubadilisha hesabu nzima. Upande wa pili nao una adhabu yake. Taka mbichi zikizidi, biwi hutoa harufu kali ya amonia kama ya mkojo, na mboji yenye harufu hiyo huunguza mizizi michanga. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa, na biwi lisipungue mita moja kila upande, la sivyo halitashika joto.

Joto lenyewe lisichukuliwe kwa wepesi. Majani haya hukua yakigusa udongo, na mengine huliwa bila kupikwa. Biwi linalogeuzwa kwa mkono nataka lifike nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo niligeuze mara tano, kwa sababu kingo za biwi hubaki baridi na vimelea vya magonjwa hujificha hukohuko. Joto likishuka, mboji inaingia kwenye sehemu ambayo wengi huiruka: kutulia. Iache mwezi mmoja, miwili, hata mitatu.

Utajuaje imeiva? Rangi nyeusi inadanganya. Mimi naamini mbegu. Kopo moja nalijaza udongo mtupu, jingine udongo na mboji nusu kwa nusu, kila moja napanda mbegu kumi za saladi au figili. Baada ya wiki moja naangalia zilizoota, kisha nang'oa miche na kutazama mizizi. Ikiwa ya kwenye mboji ni mifupi au ina ncha za kahawia, mboji inarudi kwenye biwi. Mbegu kumi hazinigharimu kitu. Tuta zima la miche ni hasara.

Wakati wa kuweka, tabaka la sentimita mbili hadi tano, likichanganywa na udongo wa juu, linatosha. Naitrojeni katika mboji mara nyingi ni asilimia moja au mbili tu ya uzito wake mkavu, na sehemu kubwa hufunguka polepole, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kwenye udongo uliochoka, msimu wa kwanza naongeza chanzo kingine cha naitrojeni, na sioni haya (wapo watakaonuna). Msimu hadi msimu napunguza mboji, kwa sababu fosforasi hujilimbikiza: mboga za majani hazihitaji nyingi hivyo.

Na ukiona kingo za majani zimekuwa kahawia huku katikati pakiwa kijani, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Shuku chumvi, hasa kama biwi lako lilikula mabaki mengi ya vyakula vilivyopikwa. Saladi huumia mapema kuliko spinachi. Mwagilia maji mengi mara chache ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na udongo uwe unapitisha maji.

Lile tuta langu la saladi nililing'oa lote. Sikuongeza chochote, nilimwagilia tu na kungoja. Baada ya miezi miwili nikapanda spinachi palepale, juu ya mboji ileile niliyoilaani, na majani yalikuwa ya kijani kibichi mpaka siku ya kuvuna.