Kilomita 563 za Kia EV9 si za barabara kuu

Wanunuzi wengi wa Ulaya huamini kwamba gari la umeme la Kia EV9 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye betri ya kilowati-saa 99.8, litakwenda kilomita 563 kwa chaji moja kama kijitabu cha muuzaji kisemavyo. Idadi hiyo hutokana na WLTP, kipimo rasmi cha matumizi ya magari, ambacho hufanyika maabara, kwa mwendo wa wastani wa takriban kilomita 46 kwa saa. Mwendo wa 120 hula umeme zaidi sana, kwani ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na gari hili ni pana na limeinuka. Tena safarini wengi huchaji kutoka asilimia 10 hadi 80 tu, maana baada ya hapo umeme huingia polepole. Ukilijaribu, pakia familia nzima na mizigo, shika barabara kuu nusu saa, kisha usome matumizi kwenye skrini.