Vyama vya udugu vyuoni Marekani: mchango wako unaingia mfuko gani?

Kila mwaka mwezi Februari, katika ukumbi wa Bryce Jordan Center wa Chuo Kikuu cha Penn State huko Pennsylvania, mamia ya wanafunzi hukesha wakicheza muziki kwa saa 46 bila kukaa wala kulala. Mwishoni tarakimu za makusanyo huinuliwa juu ukumbi mzima uzione. Mwaka 2025 zilisomeka zaidi ya dola milioni 17. Shughuli hiyo inaitwa THON. Ilianzishwa mwaka 1973 na baraza la vyama vya udugu vya chuo hicho, yaani klabu za wanafunzi zinazojitambulisha kwa herufi za Kigiriki, na mwaka wa kwanza ilipata dola 2,000 na ushei.

Mzazi Mswahili anayeishi Marekani, au aliyeko Mombasa na mwanawe anasoma huko, huvifahamu vyama hivi siku anapopigiwa simu: "Mama, chama chetu kinachangisha, nisaidie hata dola ishirini." Ni haki yake kuuliza kama huo ni msaada wa kweli au ni gharama ya karamu. Sisi tunaotoa elimu kuhusu fedha za hisani tunamshauri aanze na jambo moja: ajue pesa inaingia mfuko gani.

Kwa sheria ya kodi ya Marekani, chama cha udugu na taasisi ya hisani ni vitu viwili. Chama chenyewe, chenye nyumba, sherehe na ada za wanachama, kwa kawaida kimo kwenye kifungu cha 501(c)(7), ambacho ni cha klabu za kijamii. Ukikipa pesa, huwezi kuidai punguzo la kodi. Taasisi za hisani zimo kwenye kifungu cha 501(c)(3), na mchango wa huko unatambuliwa. Vyama vingi vya kitaifa vina vyote viwili: chama, na wakfu uliosajiliwa pembeni yake. Majina yao hufanana mno, na hapo ndipo watu wengi hujichanganya. Mweka hazina mwaminifu wa kamati ya harusi hachanganyi michango na pesa za duka lake. Hapa pia mipaka hiyo lazima ionekane.

Kwa THON, inaonekana. Tangu mwaka 1977 makusanyo huenda Four Diamonds, mfuko ulioanzishwa mwaka 1972 na Charles na Irma Millard baada ya mtoto wao Chris kufariki kwa saratani akiwa na miaka 14. Mfuko huo hulipia watoto wenye saratani wanaotibiwa katika hospitali ya watoto ya Penn State mjini Hershey zile gharama ambazo bima hailipi, na sehemu nyingine huenda kwenye utafiti. Kwa familia ambayo baba ameacha kazi ili amuuguze mtoto, kutopokea ankara ya hospitali ni kitulizo kikubwa mno.

Zamani sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka barabarani. Wanafunzi walisafiri kwa magari wikendi hadi miji ya mbali, wakasimama kwenye makutano na makopo mkononi. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja alifariki kwa ajali akirejea kutoka safari kama hiyo. Mwaka uliofuata makusanyo yalishuka chini ya dola milioni 10, lakini waandaaji waliendelea kuachana na makopo hadi wakayaondoa kabisa. Tunauheshimu sana uamuzi huo, na tunamsihi mzazi yeyote aulize: mwanangu anachangisha wapi, anasafiri na nani, usiku au mchana?

Kuchangisha, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Kwa maoni yetu kazi ya mikono ina uzito wake, na mfano mkubwa unatoka kwa chama cha akina dada, Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kila kiangazi, wanachama wake madaktari, wauguzi na walimu, wakiongozwa na Dkt. Dorothy Ferebee, walikwenda Mississippi kuwatibu na kuwachanja Wamarekani Weusi waliolima pamba. Wenye mashamba waliwazuia wakulima kwenda kliniki. Akina mama hao wakageuza magari yao kuwa kliniki, wakawafuata wagonjwa shambani.

Ndugu zao wa Alpha Phi Alpha, chama kilichoanza Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, ndio walioanzisha wazo la mnara wa kumbukumbu ya Martin Luther King Jr. jijini Washington. Bunge liliidhinisha mwaka 1996, na mnara ukazinduliwa Oktoba 2011 baada ya kugharimu takriban dola milioni 120. Fedha hizo hazikuchanganywa na za chama. Ziliundiwa wakfu wake maalumu.

Mema haya hayafuti maovu. Mwaka 2017, katika Penn State hiyohiyo, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kunyweshwa pombe nyingi mno katika usiku wa kuingizwa chamani. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kuchapisha ripoti ya vyama vilivyobainika kuwatesa wanachama wapya. Ripoti hiyo huwekwa kwenye tovuti ya chuo. Isome kabla mwanao hajala kiapo, hata kama chama kinasifika kwa hisani.

Ukiombwa mchango, omba jina kamili la taasisi itakayopokea fedha, kisha litafute kwenye ukurasa wa mamlaka ya kodi, IRS, wa kutafuta mashirika yaliyosamehewa kodi. Lisipoonekana, uliza tena kabla ya kutoa. Lipa moja kwa moja kwenye ukurasa wa taasisi hiyo, si kwenye simu ya mwanachama. Mchango wa dola 250 au zaidi unahitaji barua ya kuthibitisha ili uudai kwenye kodi. Kama umenunua tiketi ya chakula cha dola 50 na chakula chenyewe kina thamani ya dola 30, kinachohesabika ni dola 20 tu. Tiketi ya bahati nasibu haihesabiki kabisa.

Na kama umeshatoa kisha ukaingiwa na shaka, malalamiko hupelekwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo husika, au IRS kwa fomu namba 13909. Ambatisha risiti na ujumbe wa simu uliotumiwa.