Mbunge wa jimbo zima hachaguliwi kwa uwiano

Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani ukifika, husikika tena maelezo kwamba majimbo kama Wyoming na Alaska hutumia mfumo wa uwiano, kwa kuwa mbunge wa huko hupigiwa kura na jimbo zima. Maelezo hayo huchanganya mambo mawili yasiyo na undugu. Kuchagua kwa jimbo zima maana yake ni kwamba jimbo halikukatwa vipande: mpaka wa jimbo ndio mpaka wa eneo bunge, na wapiga kura wote wa jimbo hupigia kura wagombea walewale. Basi. Jinsi kura zinavyogeuka kuwa viti ni suala jingine kabisa.

Katika mfumo wa uwiano, kama wa Rwanda ambako wabunge 53 hutokana na orodha za wagombea zinazopigiwa kura nchi nzima, chama kilichopata theluthi ya kura hutarajia takriban theluthi ya viti hivyo. Kura ya jimbo zima ya Kimarekani, pale ilipohusu viti vingi, ilizaa kinyume chake. Jimbo likiwa na viti vinane, kila mpiga kura alikuwa na kura nane, moja kwa kila mgombea aliyemtaka, na wanane waliopata kura nyingi zaidi ndio walioshinda. Wafuasi wa kila chama wakishikamana na watu wao, chama chenye asilimia 52 huzoa viti vyote vinane, na wale asilimia 48 hutoka mikono mitupu. Sioni uwiano hapo.

Wanasiasa wa zamani walilijua hilo vizuri. Katiba ya Marekani haikutaja maeneo bunge, bali iliwaachia watunga sheria wa majimbo kuamua namna ya kuchagua wabunge, ingawa Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, ilipewa uwezo wa kuingilia kati. Kwa hiyo katika uchaguzi wa kwanza, wa 1788 na 1789, Pennsylvania, New Jersey, Connecticut na New Hampshire zilichagua kwa jimbo zima, wakati Massachusetts, New York, Virginia na South Carolina zilijigawa. Maryland ilichanganya: mgombea alihesabiwa kuwa wa eneo fulani, lakini aliyempigia kura alikuwa ni kila mtu jimboni. Mwaka 1841 Alabama ilihamia kwenye kura ya jimbo zima, na chama cha Democratic kikachukua viti vyote vitano. Chama cha Whig, kilichokuwa na wingi katika Kongresi, kilijibu mwaka 1842 kwa sheria iliyotaka kila mbunge atoke katika eneo lake. Georgia, Mississippi, Missouri na New Hampshire zikaipuuza, na mwaka 1844 Baraza la Wawakilishi, yaani baraza la chini la Kongresi, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa Democratic, likawakubali wabunge wao bila aibu. Sharti hilo liliachwa mwaka 1850, likarudishwa 1862, na halikuingizwa katika sheria ya ugawaji wa viti ya 1929. Ramani za maeneo zilipokwama mwaka 1932, Virginia, Kentucky, Minnesota na Missouri zilichagua wabunge wao wote kwa jimbo zima.

Kisa cha kuchunguza kwa karibu, hata hivyo, ni cha bunge la jimbo lenyewe. Mwaka 1963 gavana wa Illinois, Otto Kerner, aliikataa ramani mpya ya baraza la chini la jimbo hilo, na tume iliyoundwa kutafuta suluhu ikashindwa kuafikiana, hivyo viti vyote 177 vikalazimika kugombewa na jimbo zima mwaka 1964. Mpiga kura alikabidhiwa karatasi yenye urefu wa inchi 33 hivi, ambayo watu waliibandika jina la shuka. Nani angeweza kuwajua wagombea 236? Kuwa na jina maarufu kulisaidia: Adlai Stevenson wa Tatu, ambaye baba yake aliwahi kugombea urais, aliongoza kwa kura, na Earl Eisenhower, ndugu wa rais mstaafu, naye akapata kiti. Matokeo yalikuwa Democratic 118, Republican 59. Mtu anaweza kuziona namba hizo akadhani ndio uwiano wenyewe. La hasha. Kila chama kilikuwa kimeruhusiwa kusimamisha wagombea wasiozidi 118, nao wa Democratic wakashinda wote. Zile 59 zilikuwa akiba iliyotengwa kabla ya kura kupigwa.

Desemba 1967 Kongresi ilipiga marufuku utaratibu huo katika kuchagua wabunge wa Kongresi kwa kila jimbo lenye mbunge zaidi ya mmoja, ikiziruhusu Hawaii na New Mexico kuutumia mara ya mwisho mwaka 1968. Sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba majimbo ya kusini, baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, yangezizamisha kura za watu weusi ndani ya wingi wa jimbo zima.

Majimbo yanayochagua mbunge kwa jimbo zima leo ni Alaska, Delaware, North Dakota, South Dakota, Vermont na Wyoming, na sababu yake ni idadi ya watu tu: kiti ni kimoja, na kiti kimoja hakigawanyiki kwa uwiano wowote. Montana nayo ilikuwamo humo kuanzia 1993. Zamani, mwaka 1916, jimbo hilo lilichagua wabunge wawili kwa jimbo zima, mmoja wao Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza katika Kongresi. Mwaka uliofuata likakatwa vipande viwili, naye akajikuta upande wenye wafuasi wengi wa chama pinzani. Tangu 2023 Montana ina wabunge wawili tena, na wapo wanaoandika kwamba imeamua kuachana na mfumo wa jimbo zima. Ingekuwa sahihi zaidi kuandika kwamba sensa ya 2020 iliiongezea kiti, na kwa sheria ya 1967 haikuwa na hiari ila kuchora mpaka.