Shahrazad Hakuwa Mateka: Dhana Potofu Kuhusu Mashujaa wa Masimulizi ya Kiarabu

Dhana: Shahrazad ni msichana aliyekamatwa, akaponea chupuchupu kwa uzuri wake na hadithi tamu.

Dhana hii hujirudia katika insha za wanafunzi muhula baada ya muhula, hata kwa waliosoma Alfu Lela Ulela, mkusanyo wa hadithi anazozisimulia. Inachosha, maana kurasa za mwanzo kabisa zinaikanusha. Shahrazad ni binti wa waziri, na ndiye aliyemwambia baba yake amwoze kwa Mfalme Shahriyar, aliyekuwa akioa binti kila usiku na kumuua asubuhi: ama aishi, ama awe fidia ya mabinti wa Waislamu. Baba alijaribu kumzuia kwa kisa cha punda na ng'ombe, kinachoishia kwa mume kumcharaza mkewe. Binti hakutetereka. Tena matini inamtambulisha kwa elimu yake: amesoma vitabu vya tiba na historia, amehifadhi mashairi, anajua maneno ya wenye hekima na ya wafalme.

Alikwenda na mpango. Alimwagiza mdogo wake, Dunyazad, kwamba akiitwa chumbani aombe hadithi, ili simulizi ianze kwa ombi la mtu mwingine, naye mfalme atoe ruhusa kwa kinywa chake.

Sasa tazama alichochagua kusimulia. Hadithi ya kwanza ni ya mfanyabiashara aliyetupa kokwa za tende, zikamuua mtoto wa jini bila yeye kujua. Jini anataka kisasi. Wanatokea wazee watatu, kila mmoja anasimulia kisa chake ili apewe theluthi moja ya damu ya mfanyabiashara, na jini anasamehe. Inafuata ya mvuvi na jini wa chupani, na ndani yake Mfalme Yunan anamuua tabibu Duban aliyemponya ukoma, kisha anakufa kwa sumu iliyopakwa kwenye kurasa za kitabu. Mfalme aliyeua wake zake anasikilizishwa, usiku baada ya usiku, kesi za wenye upanga: aliyesamehe na aliyekataa kusamehe. Hiyo ni hoja ya utetezi, na anayeisoma kama burudani tupu amempoteza shujaa mwenyewe.

Kwa hiyo kila hadithi yake isome ukiandika pembeni mambo matatu: nani anatishiwa kifo, nani ameshika upanga, na uhai unanunuliwa kwa nini. Ukifika kwenye hadithi za mabibi watatu wa Baghdad na ya kibiongo, ambako pia watu hujikomboa kwa kusimulia, mpango wa Shahrazad utauona wazi.

Na tuache kusema aliokolewa na watoto. Hati kongwe ya Kiarabu aliyoitumia Antoine Galland, mfasiri wa Kifaransa wa hadithi hizi, inakatika kabla ya mwisho wowote. Wana watatu wamo katika matoleo ya baadaye, kama lile lililochapwa Bulaq, Cairo, mwaka 1835, na hata humo mfalme anasema alikuwa amekwisha kumsamehe kabla hawajaletwa mbele yake.

Dhana: Shahrazad ni wa pekee, wanawake wengine ni mapambo.

Tawaddud, mjakazi, anawashinda wanazuoni mbele ya Khalifa Harun al-Rashid katika fikihi, tiba na falaki, nao wanavuliwa mavazi yao. Katika Ali Baba, Marjana ndiye anayegundua wezi ndani ya mitungi na kuwaua kwa mafuta yanayochemka. Ali Baba amelala. Na sira (masimulizi ya kishujaa) nzima ndefu ya vita vya Waarabu na Warumi wa Bizanti inaitwa kwa jina la kamanda wake mwanamke, Dhat al-Himma.

Dhana: Aladdin ndiye shujaa halisi wa hadithi za kale za Kiarabu.

Hakuna hati ya Kiarabu ya Aladdin iliyotangulia toleo la Galland. Alisimuliwa Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo. Ali Baba naye ametoka kinywa hichohicho.

Dhana: Shujaa wa Kiarabu lazima awe mweupe wa ukoo bora.

Antara bin Shaddad, mshairi wa karne ya 6, mama yake Zabiba alikuwa mtumwa Mhabeshi. Abu Zayd al-Hilali, shujaa wa sira ya kabila la Bani Hilal, alizaliwa mweusi, mama yake Khadra akashukiwa uzinzi na kufukuzwa. Abd al-Wahhab, mwana wa Dhat al-Himma, vilevile. Sira huanza na nasaba inayotiliwa shaka kwa sababu hapo ndipo shujaa anapata cha kuthibitisha. Ukiiruka rangi, vita vyote vinavyofuata vinakosa sababu.

Dhana: Abunuwasi ni mtu wa kubuniwa.

Abu Nuwas aliishi. Alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad, akafariki karibu mwaka 814. Mjanja tunayemcheka pwani ni hadithi zilizoota juu ya jina lake.

Dhana: Abu Zayd ni mmoja.

Wa Bani Hilal ni mpiganaji aliyeelekea Tunis na kabila lake. Wa Saruj, katika Maqamat (visa vifupi vya nathari yenye vina) 50 za al-Hariri, ni laghai mwenye ulimi wa dhahabu anayewachuna wasikilizaji misikitini. Ukiandika juu yao, taja nisba, yaani jina la kabila au mji wake (al-Hilali au al-Saruji), kila mara.